Mtu Aliyekuja Doha na Wilaya Yake

Nimekabidhi funguo za yadi, nimekabidhi redio, nimekabidhi hata lile koti la manjano ambalo kola yake niliishona mwenyewe mara mbili. Kilichobaki ni maneno, na hayo nawakabidhi nyinyi mnaoingia kazini sasa, madereva na wasimamizi, mnaodhani mabasi hujipanga yenyewe asubuhi. Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, Muheza, tena hilo la nne sikulimaliza. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni kimoyomoyo mwendelee.

Vyeo sitavitaja, mshahara sitautaja. Vyote nilivipata kwa jasho langu na havina la kumfundisha mtu. Nitasema kazi tu. Na nikisema kazi sina budi kumsema Dolah, ingawa ningependa sana kuisimulia miaka yote hii bila jina lake kuingia. Nimejaribu. Kila nikianza, huyo hapo.

Niliingia Qatar mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kuosha mabasi ya wafanyakazi wa mahoteli katika yadi moja ya Al Wakrah. Siku ya kwanza nilipewa mpira wa maji na brashi ya mpini mrefu, nikaanza na magurudumu, kwa sababu ndiyo yalikuwa machafu zaidi. Nilipomaliza paa, uchafu wote ukawa umeshuka kwenye magurudumu. Nikarudia. Kufika hapo jua limeshapanda, sabuni inakaukia kwenye bati kabla sijaisuuza, na maji yanayotoka kwenye mpira yangeweza kupikia chai. Basi lile lilitoka na mabaka kama lina ukurutu. Kwa hiyo, somo la kwanza: anza juu, malizia chini, na umalize kabla ya jua kuvuka ukuta. Hilo sikufundishwa na mtu.

Aliyenifundisha ni mmoja tu, msimamizi wetu Msudani, Mzee Bashir, mtu wa maneno machache ambaye alivuta viatu akitembea kama anafagia. Alinikuta nimesimama kando ya basi linalonguruma, nikimweleza dereva ubovu wake kwa kubahatisha. Akanipa bisibisi ndefu.

"Ncha iweke hapa kwenye chuma, mpini uweke sikioni," akasema. "Umesikia nini?"

"Nasikia—"

"Nyamaza kwanza. Wewe ukisikia unaongea. Sikia halafu kaa nayo."

Bisibisi ile ninayo mpaka leo. Kwa ile nilijifunza kutofautisha beringi inayokufa na mkanda unaolia, na nasema bila kuona haya kwamba katika yadi ile, Mzee Bashir alipoondoka, hakukuwa na sikio kama langu. Wakaniacha niwe nashika yadi. Kutoka mpira wa maji hadi kushika yadi, mtoto wa Muheza asiyejua hesabu za kugawanya. Muulizeni yeyote.

Hivi ndivyo mambo yalivyokuwa nilipoletewa Dolah.

Alikuja mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, fundi bodi, Mthai. Sisi tulitegemea Mthai wa sura tuliyoizoea, akaja mtu wa kofia nyeupe na sarawili, anasalimia salamu aleikum kwa kuivuta, na Kiarabu cha chuo cha dini kilichonyooka kuliko cha dereva wa Kimisri. Jina lake kamili Abdullah, lakini kwao husema Dolah. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka michache. Aliniita Abe, ambalo kwao ni kaka mkubwa, nikafurahi, mpaka nilipogundua kwamba anamwita Abe kila aliyemzidi mvi moja.

Siku ya pili tu, kwenye chai, akaniuliza, "Abe, wilaya yako inaitwaje?"

"Muheza."

"Ina kata ngapi? Zamani nani alitawala? Mkuu wa wilaya anachaguliwa au analetwa?"

Wallahi, nilijua jambo moja tu. Nikasema, "Ina machungwa."

"Kwetu kuna longkong," akasema, na hapo ndipo bomba lilipofunguka na halikufungwa tena kwa miaka.

Kwao ni Rangae, wilaya ya mashamba ya mpira na matunda kusini kabisa mwa Thailand, karibu na Malaysia. Hilo jina la Rangae ni la Kithai. Wenyewe Wamalayu, ambao ndio wenye nchi, wanaiita Legeh. Zamani sehemu zile zote zilikuwa chini ya Patani, dola ya Kimalayu yenye raja wake, yaani mfalme. Siamu, ndiyo Thailand ya zamani, ilipoishinda, ikaipasua vipande saba, kila kipande na raja wake mdogo, ili kusiwe na mkubwa. Legeh kilikuwa kipande kimojawapo. Baadaye hata hao maraja wadogo wakaondolewa, makao yakahamishiwa pwani, mkoa ukapewa jina la Kithai, na Legeh, iliyokuwa na raja, ikabaki wilaya yenye ofisi, soko na stesheni ya gari moshi.

Haya alinieleza akinyoosha bati la juu ya gurudumu kwa nyundo ya mbao. Na hakuyaeleza kwa huzuni, la. Alijivuna. Ndovu wa raja, eti walipita mbele ya nyumba ya babu wa babu yake. Longkong ya kwao, tunda dogo la vichala, eti inaliwa mpaka Bangkok na hakuna ya kufanana nayo. Halafu anashuka kwenye serikali: gavana wa mkoa analetwa kutoka Bangkok, mkuu wa wilaya naye analetwa, mara nyingi hajui hata neno moja la Kimalayu. Chini yake kuna kata, na mkubwa wa kata ni kamnan, naye ametokana na wakuu wa vijiji, ambao ndio waliochaguliwa na watu wenyewe. "Wa juu analetwa, wa chini anachaguliwa," akasema. "Baba yangu alikuwa kamnan. Kaka yangu ni mkuu wa kijiji. Mimi nilikuwa msaidizi wake."

Na mimi ni mwana wa nani? Mimi ni mtu niliyejitengeneza, nilijivuna kwamba sikutoka popote. Kumbe hilo ni jambo zuri mpaka ukae karibu na mtu aliyetoka mahali. Niliporudi chumbani nilimpigia dada yangu Muheza, nikamuuliza nani alitawala pale zamani. Akasema, "Kaka, unaumwa?"

Wivu wangu ulianzia hapo, nami siufichi, maana uliniamsha mapema kuliko saa yoyote.

Wakati huo watu wetu walilala katika fleti za kupanga Fereej Bin Mahmoud, huku na huku, juu ya maduka. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi kampuni ikatukusanya wote katika uzio mmoja wa mabweni, Al Wukair. Watanzania, Wakenya, Waganda kidogo, na Wathai wa gereji. Mabafu yalikuwa nyuma, jiko refu katikati, na kwa kuwa tangi la maji lilikuwa moja, alfajiri ilikuwa vita. Wa kutawadha, wa kuoga kwa zamu ya mapema, wa kujaza ndoo.

Mudir wetu, yaani meneja, Mlebanoni mwenye haraka, akaniambia mimi nipange. Nikapanga kama kila mtu anavyopanga Doha: kwa nchi. Bafu hili Tanzania, hili Kenya na Uganda, hili Wathai. Nikanunua makufuli. Nilijiona waziri.

Ndani ya wiki moja hali ilikuwa hivi: bafu la Wathai tupu, kwa sababu mafundi huamka jua likiwa juu, na mbele ya bafu la Kenya foleni ya madereva wenye taulo mabegani wakilitazama kufuli langu kwenye mlango wa Wathai. Dereva mmoja Mkenya, Odhiambo, kijana mrefu wa mdomo, tunamwita Odhis, alipiga teke mlango wa bafu la Watanzania.

"Mzee Rajabu, hii ni nini, border? Nitoe passport nikaoge?"

"Oga kwenu," Mtanzania mmoja akamjibu kutoka ndani.

"Kwetu ni Siaya, buda, maji yatapoa kabla nifike."

Watu wakacheka, halafu ndoo ikaruka, na kicheko kikaisha. Mabasi yalichelewa kutoka. Hoteli ikalalamika. Mudir akaja mwenyewe, hakukaa hata kwenye kiti. Akasema anataka mtu mmoja atakayesimamia uzio huu, tuchague wenyewe, na basi likichelewa tena kwa ugomvi wa maji, waliogombana wanapanda ndege. Cheo chenyewe hakikuwa na riyali hata moja juu yake. Na mimi sijawahi kukitaka kitu kama nilivyokitaka kile.

Tulikutana Ijumaa baada ya chakula cha mchana, tumetandika mikeka jikoni. Dolah akasimama, akasema, "Walitupasua vipande saba kwetu ili tusisikilizane. Abe amewapasua vitatu. Pasueni kwa saa, si kwa nchi. Wanaoamka saa ileile wakae safu moja, bafu moja. Mtu hagombani na anayeamka naye, wanaharakishana."

Ilikuwa ni akili, na niliiona kuwa ni akili hapo hapo, ndiyo maana nikasema haifai.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, watu waliogopa kuinua mikono mbele ya wenzao. Dolah akasema kijijini kwao, enzi za babu yake, kabla ya karatasi za kura, wanaotakiwa walikaa chini wakiangalia ukutani, na watu wakaja kukaa nyuma ya wanayemtaka. Aliyekaa mbele haruhusiwi kugeuka mpaka watu watulie. Akigeuka mapema ametoka. "Ili asijue nani alichelewa kukaa," akasema.

Basi tukakaa, mimi na yeye, magoti karibu na ukuta wa jiko, pua zetu kwenye vigae vyenye mafuta. Yeye alisema hataki, wakamlazimisha. Nikaanza kusikiliza. Nimewaambia nina sikio. Nilisikia ndala zikiburutwa, mkeka ukilia, mtu anakohoa, mwingine anasema "songa, songa kaka". Zote nilizisikia nyuma yangu. Nikawa napanga hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye kuwashukuru niliposikia mtu anasema, "Haya, geukeni."

Nyuma yangu walikuwa vijana watatu wa Tanga, na mmoja wao alikuwa amelala.

Nyuma ya Dolah kulikuwa na jiko zima. Odhis yuko safu ya mbele, amekunja miguu kama yuko msikitini, na yeye Mkristo wa kanisani kabisa.

Nini kilinipata usoni sijui, lakini Dolah alikitazama. Akasimama polepole. Akasema, "Kwetu ukiwa na cheo hiki, serikali inakuuliza wapiganaji wa msituni wako wapi, na wa msituni wanakuuliza serikali imekupa nini. Nilikuja huku ili nisiulizwe." Kisha akatembea, akapita mbele ya wote, akaja akakaa nyuma yangu. Odhis akamtazama, akainuka, akamfuata. Mmoja mmoja wakahama wote. Yule kijana wa Tanga akaamka, akajiona yuko katikati ya umati, akapiga makofi.

Ndivyo nilivyokuwa mkuu wa uzio wa Al Wukair. Niliupata kwa kura zote, na zote alizileta yeye kama anavyohamisha viti. Tangu siku hiyo wakaniita kamnan. Wao waliona ni heshima. Mimi kila nikiitwa nilisikia jina la baba yake.

Tulipanga kwa saa. Safu ya alfajiri, safu ya asubuhi, safu ya gereji, kila safu ikachagua mtu wake, na hao wakawa wakuu wa vijiji wangu. Nyinyi mnaoishi pale leo mnaona ni kawaida Mganda na Mzanzibari kushika bafu moja. Mabasi hayakuchelewa tena kwa sababu ya maji, na nitakayoyadai kuwa yangu ni haya: nilizunguka kila alfajiri, nilijua nani kafiwa na nani kanuna, na tangi nililisafisha kwa mikono yangu.

Katika kazi hii jambo gumu halikuwa maji. Gumu ni kwamba watu walinipita. Kwao Dolah, alituambia, kijiji hushikwa na nguzo nne: mkuu wa kijiji, mtu wa baraza, imamu, na wa nne ambaye hana cheo chochote, ila watu wakikwama ndiye wanayemwendea. Hachaguliwi. Huwezi kumtangaza. Nilijua ni nani pale kwetu, na nilijua si mimi, kwa maana nilikuwa nimeshapewa ya kwanza.

Chukueni kesi ya basi la Ijumaa. Kampuni ilitupa basi moja siku ya mapumziko. Wakristo walilitaka kwenda kanisani, Waislamu walilitaka kwa sala ya Ijumaa mjini na kupita sokoni. Madereva wawili waligombana, Odhis na Shomari wa Unguja, mpaka wakaacha kusalimiana. Nikawaita. Nikasikiliza. Nikaamua: Ijumaa hii nyinyi, ijayo wale. Wakaitikia "sawa kamnan" kwa adabu kabisa, na kutoka hapo nikawaona kupitia dirishani wakivuka yadi, wote wawili pamoja, kwenda gereji kwa Dolah.

Yeye alikuwa chini ya basi, miguu tu inaonekana. Nilisogea, nisingeweza kutosogea. Nikasikia sauti kutoka chini ya chuma ikisema, "Odhis, wewe wapeleke Waislamu. Shomari, wewe wapeleke Wakristo. Safari mbili, basi moja. Kila mtu asubiri nje mpaka wenzake watoke."

"Dolah, nikaketi nje ya kanisa?" Shomari akasema. "Watu wa nyumbani wakiniona?"

"Waambie unalinda basi."

Odhis akacheka kwa sauti. "Na mimi sheikh, nikisinzia nje ya msikiti?"

"Utaamshwa na adhana. Ndiyo faida yake."

Walifanya hivyo. Odhis alirudi akisema hakujua hotuba ya sheikh ni fupi hivyo kuliko ya mchungaji wake, kwa hiyo ratiba inaweza kubana, na Shomari akakubali kutoka mapema kwa sababu sasa anajua kanisani kuna msururu wa magari. Mpango ule ulidumu. Ndio mnaoutumia mpaka leo, na nasikia mnauita mpango wa kamnan. Siusahihishi mdomoni mwenu, ila hapa nauandika ulivyokuwa: ulitoka chini ya basi.

Kilichoniuma si kwamba alijua. Kilichoniuma ni kwamba hakukihitaji cheo. Mtu ana wilaya nzima kichwani, ana ndovu, ana raja, ana stesheni, anakataa kitu, kitu kinamfuata mpaka chini ya basi. Mimi nimekiosha, nimekilinda, nimekiamkia alfajiri, na hata siku moja hakikunifuata.

Halafu siku moja, saa za chai, simu yake ikalia. Akaongea Kimalayu kwa muda mfupi, akaiweka mezani, akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. Kaka yake, mkuu wa kijiji, alipigwa risasi katika njia ya shamba la mpira. Hakuna aliyesema ni nani aliyempiga, na Dolah akasema hakuna atakayesema.

Tulimzunguka, tukasoma Fatiha jikoni pale pale tulipokaa siku ya ukuta, na Wakenya wakaomba kwa namna yao. Baada ya siku chache simu ikalia tena. Walikuwa watu wa kijiji. Wamekutana, wanamtaka yeye.

Nikamwambia, "Kataa. Si unajua kukataa."

"Hapa nilikataa kwa sababu ulikuwepo wewe," akasema. "Kule hakuna mtu wa kwenda kukaa nyuma yake."

Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege, mchana, kwa gari dogo la yadi. Njia nzima alikuwa amekalia mikono yake. Alinieleza njia ya kutoka stesheni hadi kijijini, kila kona, kama anayejihesabia zile za kuogopa. Na mimi, mwenzangu anaenda mahali ambapo huenda akaishia kama kaka yake, nilikuwa nawaza jambo moja tu: hakuna kijiji kilichowahi kunipigia simu. Najua si wazo la kujivunia. Lakini nimesema nitaandika kazi ilivyokuwa, na siku ile kazi yangu ilikuwa kuendesha gari na kuwaza hivyo.

Mlangoni nilimpa bisibisi ya Mzee Bashir. Akaiangalia, akanirudishia.

"Watainyang'anya pale kwenye mashine, kamnan," akasema. "Na wewe ndiye mwenye sikio."

Miaka ikaenda. Alikuwa akipiga simu, anasimulia mikutano ya kijiji, barabara, mkuu mpya wa wilaya aliyejifunza Kimalayu cha kuombea chai. Alikuwa hai na anajivuna. Mimi nikabaki na uzio wangu mpaka mwaka huu, macho yalipokataa kipimo cha leseni na kampuni ikanishukuru. Siku ya kuondoka waliketi wakaangalia ukuta, wakachagua mwingine. Hawakuniuliza ushauri, na kwa utaratibu ule hawakupaswa kuniuliza.

Sasa niko kwa binti yangu, naye anafanya kazi hapa Doha, Fereej Bin Mahmoud, ghorofa ya tatu, nangoja tarehe ya kurudi nyumbani. Wiki iliyopita mlango uligongwa. Ni Odhis, siku hizi ana kitambi, na nyuma yake vijana wawili hawatazamani.

"Shikamoo mzee," akasema. "Kuna kesi."

"Mna kamnan wenu pale."

"Kashasikiliza. Kaamua vizuri tu. Lakini hawa wamekwama, wakasema twende kwa Mzee Rajabu."

Sina yadi, sina redio, sina koti. Nilihisi kitu kinapanda kifuani kama injini inayoshika asubuhi ya baridi. Ningenyamaza hapo ningekuwa mtu mwenye furaha. Lakini nikauliza.

"Dolah mmempigia?"

Odhis akatazama kiatu chake. "Tumempigia kwanza. Hashiki."

Nikawakaribisha ndani, nikamwambia binti yangu alete chai. Nikaingia chumbani eti natafuta miwani, nikabonyeza namba ile. Ikaita mara moja, mara mbili, na moyo wangu ukaanza kuhesabu kona za ile njia ya shambani.

"Kamnan!" akapokea, na nyuma yake nikasikia watu wengi wanabishana. "Niko mkutanoni, sikuwa nashika simu ya mtu. Nimeona ni wewe. Kuna kesi gani?"

"Hakuna kesi," nikasema. "Nilitaka kujua kama uko hai."

Nikakata kabla hajauliza tena, nikarudi sebuleni kwenye kesi yangu.